Swichi Inayowashwa Alfajiri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Bado ni ya kubembeleza tu, lakini bati la jikoni limeshavuja palepale pa mwaka jana. Nimetega sufuria.

Leo binti yangu ameingia kwenye kompyuta yangu. Yeye yuko nchi ya mbali, kazi yake ni kutunza kompyuta za ofisi moja kubwa, na mimi nipo hapa nasahihisha makosa kwenye vitabu vya watu. Wachapishaji hunitumia kurasa mtandaoni. Asubuhi ukurasa wao ulinigomea kabisa: kivinjari chako ni cha zamani, huingii. Nikajaribu tena, huingii. Nikampigia.

"Shikamoo Baba. Usiguse kitu, nakuja."

Ana programu yake ya kuingilia kompyuta ya mtu akiwa kwake. Basi nikaweka mikono mapajani, nikautazama mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini. Ulifungua hiki, ukafunga kile, ukasimama kidogo, ukaendelea. Huo ni mkono wake. Mkono wa mwanangu uko kwenye meza yangu ya kulia chakula, na mimi nimekaa pembeni yake nauangalia. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Nilimwuliza habari za kazi, za baridi, za yule bosi wake mwenye gubu. Alicheka. Ana kicheko cha mama yake, Mungu amrehemu.

Mwishoni akasema, "Sasa Baba, nimekiweka kiwe kinajisasisha chenyewe. Hutasumbuka tena."

"Na wewe hutasumbuka."

"Ehee! Wote tumepona."

Alifurahi kweli. Nikamwambia ahsante sana mama, na akakata.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa za kitabu cha ufugaji nyuki. Mwandishi anaipenda sana mikato, anaimwaga popote. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Hajapiga. Kompyuta haina tatizo lolote. Sijawahi kuona kompyuta nzima namna hii.

Jumanne, 11 Machi

Kivinjari kimejisasisha nikiwa nimelala. Vitufe vimehama. Kile cha kurudi nyuma kimenyooshwa, kile cha kupakua kimepelekwa juu kuleee, na rangi imekuwa ya uji. Nani aliomba? Nikapata hamu ya kumpigia nimlalamikie, nikapiga.

"Baba, niko kwenye kikao. Utazoea, sawa?"

Sawa. Nitazoea.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Fundi. Ana kibanda pale kona, anatengeneza simu. Mimi humwita Fundi Domo, si mbele yake, kwa sababu ukimwuliza saa atakueleza saa inavyotengenezwa. Mara nyingi huwa navuka barabara nisimpitie. Leo nilimpitia kwa hiari yangu mwenyewe.

"Mzee wangu! Leo umepotea njia?"

"Nataka kujua jinsi ya kuzuia kivinjari kisijisasishe."

Akaweka chini bisibisi yake. "Kuzuia apdeti? Mzee, hizo ndizo zinakulinda na wezi wa mtandaoni! Mtu akiacha apdeti ni sawa na..."

"Nionyeshe tu, Fundi."

Akanionyesha kwenye kompyuta yake, huku akiendelea kunihutubia. Unaingia kwenye mipangilio, unashuka mpaka chini kabisa, kuna swichi ndogo. Ikiwa ya bluu, kinajisasisha. Ikiwa ya kijivu, kinakaa kama kilivyo.

Nimerudi nyumbani nimeloa, nimeiweka ya kijivu. Hesabu yangu ni rahisi. Kivinjari kitazeeka, wachapishaji watanigomea tena, nami nitakuwa na sababu ya kumpigia. Na si kisababu cha kulalamikia vitufe, sababu ya kweli ya kumfanya aseme usiguse kitu, nakuja. Najua ni utoto. Lakini hii shajara ni yangu, na humu sina wa kumdanganya.

Jumapili, 16 Machi

Swichi ni ya bluu. Labda jana sikubonyeza vizuri. Nimeizima.

Jumatatu, 17 Machi

Ya bluu. Nimeizima, nimeitazama mpaka nikahakikisha.

Jumanne, 18 Machi

Ya bluu! Hii mashine ina kiburi cha nani? Nimeizima. Sufuria ya jikoni imejaa, nimeongeza ndoo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempitia Fundi tena. Nikamweleza: jioni naizima, asubuhi naikuta inawaka. Alinyamaza kidogo, jambo ambalo kwake ni la kuandikwa.

"Swichi haijiwashi, mzee. Kuna mtu anaingia."

"Nani aingie? Naishi peke yangu."

"Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali?"

Nilisimama pale nje ya kibanda, mvua inaninyeshea mgongoni, wala sikusogea.

Kwanza nilichukia. Mtu anaingia nyumbani kwa baba yake bila hodi, anawasha anachotaka, anaondoka bila kwaheri? Nilikuja njia nzima nikinung'unika. Lakini nilipofika mlangoni hasira ilikuwa imekwisha. Anakuja! Kila alfajiri, kabla hajaenda kazini, mwanangu anapita kwangu, anaona baba ameharibu, anarekebisha, anaondoka polepole asiniamshe. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo. Akiamka kabla yangu alikuwa anatembea na viatu mkononi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefanya usafi. Nimefuta takataka zote zilizotapakaa kwenye skrini, kurasa za zamani, picha za risiti, na vile vichekesho alivyonitumia shemeji. Mgeni akija asikute vurugu. Kisha nikaizima swichi, nikaenda kulala mapema. Kompyuta huwa naiacha inawaka, ndivyo alivyoniagiza.

Jumamosi, 22 Machi

Ya bluu. Karibu, mama.

Leo jioni nimefungua ukurasa mtupu nikauandika kwa herufi kubwa, asije akaupita: "Mama, nimekugundua. Najua unapita hapa alfajiri. Usione aibu. Mimi ni mzima, mvua zinanyesha, jikoni kunavuja kama kawaida. Ukipata nafasi niachie neno hapa chini." Nimeuhifadhi, nikauacha wazi katikati ya skrini. Nimejisikia kijana.

Jumapili, 23 Machi

Ukurasa umefungwa! Niliuacha wazi, nimeukuta umefungwa, na swichi ni ya bluu. Amesoma. Nimeufungua, hakuna neno alilojibu, lakini amesoma. Atakuwa amejisikia vibaya kwa kukamatwa. Si kitu. Nitamzoesha.

Jumatano, 26 Machi

Nimeizima. Imewashwa. Nimemwandikia habari za nyuki: kumbe malkia hatembei ovyo, watu wengi hawajui hilo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeizima, imewashwa. Mvua haijakatika tangu juzi. Nimemwandikia kwamba Fundi si mtu mbaya, ni domo tu linalomponza. Jana alinipa kipande cha nailoni nikazibe jikoni, akakataa kabisa kuchukua chochote.

Jumatatu, 31 Machi

Mhariri amenirudishia kurasa za nyuki. Nimeacha makosa. Si moja, wala si mawili. Hakusema kwa ubaya, alisema, "Mzee, siku hizi umechoka?" Sijachoka. Tangu mvua zianze herufi zinaniingia ukungu, nami nilikuwa naulaumu mwanga.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho. Nikamwambia, basi sasa nina watoto wawili, na huyu angalau anakaa nyumbani. Hakucheka. Jicho la kulia linahitaji kupasuliwa upesi, nikichelewa nitaisahau kazi yangu. Amenipa Alhamisi, tarehe kumi.

"Uje na mtu," alisema. "Tutakufunga jicho, na la pili nalo si la kutegemea. Hatumwachi mgonjwa aondoke peke yake."

Nikasema hakuna shida, nina binti.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwandikia. Nilifuta mara nyingi kuliko nilivyoandika. Mwishowe nimebakiza hivi: "Mama, tarehe kumi napasuliwa jicho. Wanataka mtu wa kuwa nami. Najua ni mbali na kazi haikuruhusu. Lakini kama haiwezekani kuja, nipigie kabla sijaingia. Naogopa."

Neno la mwisho nililiondoa, nikalirudisha.

Ningeweza kumpigia simu. Lakini kwenye simu nitamsikia akitafuta la kujibu, na mimi nitawahi kumwambia usijali mama, usijali, kabla hajafungua mdomo. Ninajijua. Huku kwenye ukurasa ana muda wa kufikiri na mimi sina njia ya kumkatiza.

Alhamisi, 3 Aprili

Swichi ya bluu. Ukurasa uko wazi kama nilivyouacha. Labda alikuwa na haraka.

Jumamosi, 5 Aprili

Umefungwa. Amesoma.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekaa na simu siku nzima. Nimekwenda nayo mpaka bafuni.

Jumatatu, 7 Aprili

Imewashwa. Hakuna neno.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeongeza mstari mmoja: "Mama, ni keshokutwa."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri, maji yamepita chini ya mlango. Nimetoka kitandani nikakanyaga maji, nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta kabla ya kuchukua tambara.

Swichi ya bluu. Basi. Hiyo swichi tu.

Amekuja, amesoma kwamba baba yake anaogopa, amewasha swichi yake, amekwenda zake. Kivinjari cha baba kisizeeke! Baba mwenyewe shauri yake! Nimeishika simu nikaiweka chini, nikaishika tena nikaiweka chini. Kumwomba mtu asiyejua ninaweza. Kumwomba mtu aliyekwisha kujua akanyamaza, hapana, hiyo siiwezi.

Nimeizima kompyuta yote. Si kuilaza, nimeizima, nikachomoa na waya ukutani. Akija kesho akute mlango umefungwa.

Alhamisi, 10 Aprili

(Naandika Jumamosi. Mistari inapanda na kushuka, anisamehe atakayesoma.)

Nesi aliniuliza, "Mzee, umekuja na nani?" Nikamwambia binti yangu yuko njiani. Nilikaa kwenye lile benchi refu pamoja na wenzangu. Bibi mmoja alikuwa na wajukuu wawili wamemkalia huku na huku. Mzee mwingine alikuwa na mke wake, walikuwa wanagombana kuhusu funguo. Niliwaonea wivu hata ule ugomvi.

Upasuaji haukuuma. Kilichouma ni baadaye, nimefungwa jicho, nesi anarudi tena na tena: "Binti amefika wapi, mzee?" Yuko njiani. "Bado yuko njiani?" Foleni, mvua hii. Mwishoni akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasema taratibu, "Nipe namba ya mtu mwingine, baba." Nikatafuta kichwani mtu mwingine, sikumwona. Nilichokumbuka ni ile namba kubwa nyekundu iliyoandikwa kwenye kibanda cha Fundi, kila siku naiona nikipita.

Alikuja ameloa chapachapa. Alikuwa amefunga kibanda mchana kweupe. Alinishika mkono kuanzia pale hospitali mpaka kitandani kwangu, na njia nzima hakusema neno, ila "ngazi hapa" na "dimbwi hapa, mzee". Aliponifunika blanketi nilimwambia nisamehe. Akaniuliza, kwa lipi? Yeye hajui ninavyomwita.

Jumapili, 13 Aprili

Nitajaribu kuiandika leo yote, hata kama jicho litanuna.

Simu iliita asubuhi. Nilidhani ni Fundi anauliza dawa.

"Baba! Uko salama? Kompyuta yako ina siku nne haiitiki!"

Hakuna shikamoo, hakuna nini. Nikasema, "Kompyuta ndiyo imekupigisha simu?"

"Nilikuwa nje ya ofisi tangu Alhamisi, leo ndiyo nimeletewa taarifa kwamba mashine imezimika. Baba, kuna nini? Sauti yako mbona hivyo?"

"Nimepasuliwa jicho Alhamisi. Kama ulivyosoma."

"Umepasuliwa nini?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuandikia. Ulisoma, ukafunga ukurasa, ukawasha swichi, ukaondoka."

Akauliza, kwa sauti ndogo sana: "Ukurasa gani, Baba?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa hasira, lakini kadiri nilivyoendelea hasira ilikuwa inaniponyoka, kwa sababu upande wa pili nilikuwa nasikia pumzi za mtu ambaye hana anachokijua. Jinsi ninavyoizima jioni. Jinsi anavyokuja alfajiri kuiwasha. Jinsi nilivyomfanyia usafi.

"Baba," akasema. "Si mimi."

"Ni nani basi?"

"Ni amri. Niliiandika ile siku ya Machi. Nimeiweka mashine yako kwenye orodha moja na mashine za ofisi. Kila alfajiri amri inapita kwenye zote, ikikuta swichi imezimwa inaiwasha. Kukiwa na toleo jipya inasakinisha na kuiwasha kompyuta upya, ndiyo maana ukurasa ulikuwa unafungwa. Inajiendesha yenyewe. Mimi saa hizo nimelala."

Amelala. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Asubuhi zote zile hakuna aliyepita. Nilikuwa nimemsamehe, nimemchukia, nimemsimulia habari za nyuki, na hakukuwa na mtu.

"Kwa nini hukunipigia tu?" aliuliza, na sasa alikuwa analia. "Jambo kubwa namna hii!"

"Na wewe kwa nini hukunipigia?"

"Kwa sababu nilikuwa nakuona! Kazini nina ubao wenye taa za mashine zote. Kila asubuhi, kabla ya mashine ya mtu yeyote, naangalia yako. Ikiwa ya kijani nasema, haya, Baba mzima, naendelea na kazi. Nilikuwa naona kijani, Baba. Kila siku kijani."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia jicho moja limekatazwa kulia, lingine lina ruhusa.

Akasema nichomeke waya. Nikachomeka, nikaiwasha, nikakaa. Mshale ukaanza kutembea. Ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi, ukasimama juu yake.

"Uliizima kila jioni?"

"Kila jioni."

"Kwa nini, Baba? Hizo za kusasisha zinakulinda."

"Ili kiharibike. Ili uje."

Mshale uliiacha swichi, ukatafuta ule ukurasa, ukaufungua. Kwa jicho langu moja bovu sikuweza kusoma maneno, lakini niliona ukurasa ukipanda mstari kwa mstari, polepole, hata mimi ninaposahihisha kitabu sisomi hivyo. Bati. Nyuki. Fundi. Nilijua amefika wapi kwa jinsi ulivyosimama. Pale mwishoni ulisimama muda mrefu mno, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Naiondoa hii amri," akasema hatimaye. "Leo hii naiondoa. Nitakuwa naingia mwenyewe, kwa mkono."

"Iache," nikamwambia. "Amri ifanye kazi yake. Wewe fanya yako."

Jumanne, 15 Aprili

Ya bluu. Sijaigusa.

Alhamisi, 17 Aprili

Fundi amepanda juu ya bati kuziba pale panapovuja, akaongea tangu msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilimshikia ngazi. Nimegundua nyumbani kwake naye hakuna mtu wa kumsikiliza. Nimeacha kumwita lile jina.

Jumamosi, 19 Aprili

Daktari amefungua jicho. Kuta zangu ni chafu, sikujua.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua nyepesi. Asubuhi hakupiga, mchana hakupiga. Nilijiambia ana kazi nyingi, nikajiambia zile ahadi za kwenye simu mtu anazisema akiwa analia, nikajiambia mengine ambayo siyaandiki. Alasiri simu ikaita.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Kompyuta haina tatizo."

"Najua. Sijapiga kwa ajili ya kompyuta."

Kisha tukanyamaza wote wawili. Kumbe tumezoea kuwa na kitu kilichoharibika katikati yetu, tukikishughulikia. Nilimwuliza habari za kazi, akasema nzuri. Akaniuliza jicho, nikasema zuri. Nikamwuliza bosi, akasema yupo. Maneno yakaisha. Nikasubiri aseme haya Baba, baadaye, nami nilikuwa nimeshaandaa ile "sawa" yangu.

"Baba."

"Naam."

"Sina cha kusema. Lakini sitaki kukata."

"Basi usikate."

"Nina vyombo vya kuosha hapa."

"Osha."

Akaiweka simu mahali. Nikasikia bomba likifunguliwa, sahani, vijiko, kikombe kikiinuliwa na kuwekwa. Niliweka simu yangu mezani, nikapandisha sauti yote, nikakaa nikisikiliza mpaka akamaliza vyombo vyote akaanza kufuta meza.